Uhalisia Pepe Utatutibu kwa Lugha Gani?

Miongoni mwa maneno mapya ambayo Kiswahili kimelazimika kuyaunda katika miaka ya karibuni, ni machache yanayostahili kutafakariwa na walimu na wanafunzi wetu kama hili la "uhalisia pepe". Maana yake ni ulimwengu uliotungwa na kompyuta, ambao mtu huuingia kwa kuvaa usoni kifaa mfano wa miwani mikubwa. Akigeuza kichwa, mandhari hugeuka naye. Akinyoosha mkono, huuona mkono wake humo. Wengi wetu twaudhania kuwa mchezo tu wa vijana wa mijini. Kumbe kwa zaidi ya robo karne umekuwa pia tiba: hutumiwa kuondoa woga, kutuliza maumivu na kuwasaidia waliopooza kuvizoeza viungo vyao upya.

Swali linalotupasa kujiuliza sisi wa Birongo, na Wakenya wote kwa jumla, si kama tiba hii itatufikia. Bei ya vyombo hivi imekuwa ikishuka, na kila chombo kinachoshuka bei hatimaye hufika vijijini. Swali ni hili: itakapofika, itazungumza nasi kwa lugha gani?

Hebu kwanza tuyatazame yaliyokwisha kuthibitishwa. Mwaka wa 1995, Barbara Rothbaum na wenzake huko Atlanta, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo walioogopa mahali pa juu. Walipandishwa hatua kwa hatua kwenye madaraja na roshani za kompyuta, na woga wao ukapungua. Katika Chuo Kikuu cha Washington, Hunter Hoffman na David Patterson waliwaingiza watu walioungua kwenye bonde la barafu la kompyuta, wakarushe matonge ya theluji wakati vidonda vyao vikisafishwa. Nadhari ya mgonjwa ilipotekwa na theluji, maumivu yalipata nafasi ndogo. Mnamo Novemba 2021, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha mfumo uitwao EaseVRx, utumiwe na watu wazima wenye maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo.

Je, hayo yatuhusu? Naam, tena sana. Kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu, mama aliyepigwa na kiharusi, mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto: hao wote ni jirani zetu. Mgonjwa wa kiharusi huambiwa afanye mazoezi yale yale mara nyingi, siku baada ya siku, kwa kuwa ubongo hujifunza upya kwa kurudia. Lakini mtaalamu wa tiba ya viungo yuko mjini Kisii, na nauli ikikosekana, mazoezi hukatika. Chombo kinachoweza kumfanya mgonjwa ayarudie mazoezi hayo kwa hamu, karibu na nyumbani kwake, si cha kubezwa.

Wako watakaouliza, na kwa haki, mbona tusiajiri wataalamu zaidi badala ya kununua miwani? Jibu ni kwamba miwani haichukui nafasi ya mtaalamu. Mwaka wa 2017 shirika la Cochrane lilichapisha mapitio ya majaribio 72, yenye wagonjwa wa kiharusi 2,470. Ilibainika kwamba, kwa matumizi ya mkono, uhalisia pepe haukuishinda tiba ya kawaida. Ulionekana kufaa pale ulipoongezwa juu ya tiba hiyo, ukampa mgonjwa muda zaidi wa mazoezi. Kwa hivyo serikali ya kaunti itakayonunua vyombo na kuwasahau wataalamu itakuwa imenunua jembe bila mkulima.

Sasa nije kwenye hoja yangu kuu. Mwaka wa 2018, Daniel Freeman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa matokeo ya jaribio la watu 100 walioogopa mahali pa juu. Waliopewa tiba walikuwa 49, na woga wao ulipungua kwa wastani wa takriban theluthi mbili. La ajabu ni kwamba ndani ya miwani hiyo hamkuwa na daktari aliye hai. Palikuwa na mshauri aliyetungwa na kompyuta, akiwaeleza wagonjwa asili ya woga, akiwauliza maswali, akiwahimiza kusonga mbele ndani ya jengo la ghorofa kumi. Picha iliwaweka mahali, lakini aliyewaongoza ni mshauri, na mshauri huyo alifanya kazi yake kwa maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza.

Mchukue mshauri huyo umlete Birongo. Ataongea na nani? Bibi aliyezungumza Ekegusii maisha yake yote atawezaje kufunguka mbele ya sauti ya kigeni? Aidha, mandhari yenyewe ni lugha. Theluji, kwa mkazi wa nyanda hizi, ni habari ya vitabuni. Ubaridi aujuao ni wa ukungu wa alfajiri na wa maji ya mto Gucha. Na anayetaka kuushinda woga wa mahali pa juu, mpelekeni kwenye genge la Manga, si kwenye maduka ya ghorofa ya Ulaya.

Ugumu huzidi tunapofikia maradhi ya moyo na akili. Kamusi na vitabu vyetu vina "unyogovu" na "sonona", maneno mazuri yaliyoundwa kwa bidii. Lakini mwulize mzee wa sokoni kama ana unyogovu, naye atakukana. Mwulize kama huwaza sana usiku, kama moyo wake ni mzito, naye huenda akakwambia mengi kabla hujamaliza swali. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alilielewa jambo hili. Kuanzia mwaka wa 2006 alishirikiana na akina nyanya wa mtaa wa Mbare, Harare, waliofunzwa kuketi na wagonjwa kwenye benchi na kuzungumza nao kwa Kishona kuhusu "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Jaribio lililochapishwa mwaka wa 2016 lilionyesha kwamba wagonjwa wao walipata nafuu kubwa. Hapakuwa na kompyuta pale. Palikuwa na mtu aliyefunzwa, na neno lililoeleweka.

Wala asije mtu akadai kwamba lugha zetu haziwezi kubeba elimu ya tiba. Waganga wa Abagusii waitwao ababari walipasua fuvu la kichwa kuwatibu waliosumbuliwa na maumivu baada ya kuumia, na upasuaji huo umeandikwa na madaktari kadhaa, akiwemo Edward Margetts, mtaalamu wa maradhi ya akili aliyefanya kazi Mathari katika miaka ya 1950. Sisemi turudi kwenye visu vyao. Nasema mafunzo yao yalirithishwa kwa Ekegusii, na Ekegusii hakikupungukiwa.

Lipo pia jambo zito ambalo si vyema kulifumbia macho. Katika kilimo, "pepe" ni punje tupu isiyo na kiini, na kwa maana hiyo jina "uhalisia pepe" latufaa: ganda la uhalisia lisilo na kiini chake. Lakini sikio la msikilizaji laweza kulisikia neno "pepo". Katika Kaunti ya Kisii, Mei 2008, watu 11 waliuawa kwa kuteketezwa kwa tuhuma za uchawi. Na Oktoba 2021, huko Marani, wanawake 4 wakongwe waliuawa kwa tuhuma kama hizo. Mahali ambapo tuhuma yaweza kumwua mtu, chombo kinachomfanya mgonjwa aone yasiyokuwapo na kuzungumza na asiyekuwapo hakiwezi kuletwa kimya kimya. Lazima kielezwe hadharani, kwa lugha ya mama, mbele ya wazee, makanisa na shule. Mgonjwa avaapo miwani, jamaa zake nao waonyeshwe aonacho. La sivyo, tutakuwa tumempelekea dawa pamoja na tuhuma.

Tufanye nini basi? Kwanza, tangu mwaka wa 2013 sehemu kubwa ya huduma za afya imo mikononi mwa kaunti. Kaunti za Kisii na Nyamira zisinunue chombo chochote cha namna hii bila kudai kizungumze Kiswahili na Ekegusii. Pili, idara za lugha katika vyuo vikuu vyetu zikae pamoja na matabibu na washauri nasaha, zikusanye maneno ambayo watu wenyewe huyatumia kuelezea uchungu, woga na majonzi, kabla ya kukimbilia kuunda istilahi. Tatu, walimu wa Kiswahili wawape wanafunzi kazi ya kuwahoji wazee wao kuhusu maneno hayo, kwa heshima na kwa idhini. Insha ya namna hiyo itamfaa mwanafunzi na itaifaa hospitali.

Na wanafunzi wa sayansi wasikate tamaa kwa kukosa vyombo ghali. Katika miaka ya 1990, V. S. Ramachandran wa California aliwatuliza baadhi ya watu waliokatwa mkono lakini wakaendelea kusikia maumivu ya mkono usiokuwapo. Alitumia sanduku lenye kioo cha kawaida: mgonjwa aliuona mkono wake mzima ukiakisiwa mahali pa ule uliokatwa, na ubongo ukakubali. Kioo cha namna hiyo kinapatikana katika soko lolote, na mwalimu aweza kulionyesha jambo hilo darasani.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tiba hii mpya ni mgeni, na tuipokee kwa mikono miwili. Lakini mwenyeji hawezi kuponywa na mgeni asiyemwelewa, na kazi ya kumfunza mgeni huyo lugha yetu haitafanywa na watu wa Oxford wala Atlanta. Ni yetu, na yafaa ianze sasa.