Shoki za mbele zifungueni wenyewe!

Nimechoka. Kila nikisema kwamba pikipiki yangu ya zamani naitengeneza mwenyewe nyumbani, jibu ni lile lile: "Wewe ni mtu wa tarakilishi bwana, hayo waachie mafundi." Leo nawajibu wote kwa mpigo mmoja, na naanzia mbele, yaani usukani na shoki. Hapo ndipo watu huogopa zaidi, na ndipo wanapoliwa pesa zaidi.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125. Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga nchi kama zetu, ambako chombo kinafanya kazi ngumu na kupata matunzo haba. Pikipiki nyingi za Kichina mnazopanda kwenye boda boda zimetokana na muundo huo. Kwa hivyo msiseme hii ni habari ya wapenda vikale tu. Jirani yako anayelisha watoto kwa boda naye yumo.

Haya, ndani ya shoki mna siri gani? Bomba linaloteleza ndani ya bomba jingine, springi, oili kidogo na vitundu. Springi inabeba uzito. Oili ikilazimishwa kupita kwenye vitundu inaizuia springi isirukeruke. Basi! BMW waliuza pikipiki zenye shoki za namna hii tangu 1935. Kitu cha miaka tisini ndicho tunachoambiwa hakifunguliki?

Sasa tazama kinachofanyika gereji. Shoki ikivuja, sili inabadilishwa, kisha inamiminwa oili ya injini kwa kukadiria na jicho, kushoto nyingi kulia kidogo. Oili ya 20W-50 ni nzito mno mahali palipotengenezewa oili nyepesi kama 10W, kwa hivyo shoki inakuwa ngumu kama rungu. Halafu hakuna anayepitisha kidole kwenye bomba kuona kama kutu imetoboa kromu. Kutu hiyo huukata mdomo wa sili mpya, na baada ya wiki chache inavuja tena. Mimi nimelipia kazi kama hiyo mara mbili katika gereji moja. Mara ya pili nikaambiwa dawa ni kununua shoki nzima nzima! Nilipofungua mwenyewe, kilichohitajika ni bomba moja na sili mbili.

"Lakini mbele ni hatari, gurudumu likikorofisha unakufa." Kweli kabisa, na hiyo ndiyo hoja yangu. Oili ikifika kwenye breki ya mbele, breki inayobeba kazi kubwa ya kukusimamisha, huna breki. Je, nani atakuwa makini zaidi: fundi mwenye wateja kumi foleni anayelipwa kwa kazi na si kwa saa, au mimi mwenye Jumamosi nzima, kitabu cha matengenezo na shingo yangu mwenyewe? Simtukani fundi. Anafanya hesabu ambayo sisi wateja tumemlazimisha kuifanya, kwa sababu tunataka rahisi na tunataka leo.

Tena kazi nyingi ni kupima tu. Inua mbele, weka kreti imara chini ya injini, shika shoki chini kabisa, vuta na usukume. Ikigongagonga, gololi za stelingi zimelegea. Geuza usukani polepole. Ukinasa katikati kana kwamba umeingia shimoni, njia za gololi zimechimbika. Usikaze, badilisha seti yote. Ukimaliza kukaza, usukani uanguke wenyewe kila upande bila kulegea. Bomba livingirishe juu ya kioo. Likiyumba, limepinda, tafuta jingine. Kifuniko cha juu kifungue taratibu, springi iko chini yake inasukuma. Oili pima kwa kikombe cha vipimo, pande zote sawa.

Kwa nini mtu wa programu anapiga kelele hivi? Kwa sababu wimbo huu naujua. Mwaka 1980 hivi, Richard Stallman pale MIT alitaka kurekebisha printa iliyokuwa ikikwama karatasi, akanyimwa msimbo wake. Vita vya programu huria vilipata moto hapo. Sasa barabarani Nairobi kuna pikipiki za umeme ambazo betri si mali ya mwendeshaji, anabadilishiwa tu kituoni, na ubongo wake ni programu. Ulaya walipitisha sheria ya haki ya kutengeneza mwaka 2024, baada ya watu kudai kwa miaka. Nani atadai hapa kwetu, ikiwa hata bomba lenye springi tunaogopa kulifungua?

Haki ya kutengeneza huwezi kuidai huku spana imeshika kutu kabatini. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila kwanza aniambie shoki zake zina oili gani.