Mtaalamu, kaa kwanza mkekani

Mwanangu ana miaka saba na ana usonji. Hupanga vizibo vya soda toka mlangoni hadi jikoni: chekundu, cha kijani, chekundu. Ukigusa kimoja, atalia mpaka koo limkauke.

Mtaalamu wa kwanza wa tiba ya tabia alimshika kidevu. "Niangalie!" Mara kumi, mara ishirini, na kila mtoto alipokwepesha macho alinyimwa biskuti. Mimi niliambiwa nisubiri nje, kwenye benchi. Saa ilipoisha nikakabidhiwa karatasi ya asilimia. Usiku ule mwanangu alijing'ata mkono hadi damu.

Ukali huu una asili yake. Ivar Lovaas wa Marekani, ambaye utafiti wake wa 1987 uliipa tiba hii umaarufu, aliwafundisha watoto saa 40 kwa wiki, na miaka ya 1960 aliwahi hata kuwaadhibu kwa umeme. Tiba yenyewe siikatai. Kugawa jambo vipande vidogo na kumpongeza mtoto kwa kila kipande ndiko kulikomfundisha mwanangu kwenda choo mwenyewe.

Lakini aliyemfundisha ni mtaalamu mwingine, dada mmoja. Alivua viatu, akaketi mkekani, akaanza kupanga vizibo vyake pembeni, kimya. Siku ya tatu mwanangu akamsogezea kizibo kimoja, cha kijani. Ndipo dada yule akanigeukia: "Mama, wewe unalala saa ngapi?"

Nililia. Miaka minne ya kuzunguka na mtoto, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Mimi ni mwalimu, nafika nyumbani saa kumi na mbili jioni, na yule wa kwanza alikuwa amenipangia mazoezi ya saa mbili kila siku. Huyu alisema: dakika kumi tu, wakati wa kuoga, maana hapo mtoto ana furaha.

Mwaka 2018 Bridget Taylor na wenzake, wataalamu wa fani hiyohiyo, waliandika kuwa huruma na kusikiliza wazazi ni stadi zinazofundishika, na kwamba mafunzo yao huzipa nafasi ndogo. Vyuo vyetu vinavyoandaa wataalamu vizifundishe na kuzitahini, kama vinavyotahini upimaji wa tabia.

Na ninyi wazazi wenzangu, mkiambiwa msubiri nje, ulizeni kwa nini.