Kipimo cha VIH ni chetu, si cha patron

Wandugu vijana wa Goma,

Mmoja wetu, mwenye diploma na bila kazi tangu miaka mitatu, alipeleka barua ya kuomba kazi hapa mjini. Wakamujibu: "Diploma iko sawa. Sasa lete na matokeo ya kipimo cha ukimwi." Akarudi nyumbani, akaacha ile kazi. Alituambia kwamba hakuogopa patron tu. Aliogopa kujua.

Kwa patron, jibu ni fupi. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda watu wanaoishi na VIH: hakuna ruhusa ya kumunyima mtu kazi juu ya virusi.

Lakini kumukatalia patron si kukataa kujua. VIH inapita kwa ngono bila kapoti, kwa damu (wembe na sindano ya mwingine, achana nazo), na toka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa mimba, kuzaa ao kunyonyesha. Haipite kwa sahani moja ya fufu, wala kwa mbu, wala kwa kubanana watatu kwenye moto.

Kupima si kazi kubwa. Fika kwenye kituo cha afya, omba kujipimisha VIH. Wanatoboa kidole, tone la damu, na kisha dakika kama 20 jibu linatoka. Likionyesha virusi, wanapima tena kwa kuhakikisha. Ile jibu ni siri yako na muganga.

Kama hatari ilikuwa juzi juzi, kipimo kinaweza kisione kitu: rudia kisha miezi mitatu. Na kama saa 72 hazijapita, kimbia leo: iko dawa ya kuzuia, inamezwa siku 28. Dada ao ndugu aliyebakwa, tumupeleke mara moja, tusimuulize maswali ya aibu.

Mwenye kukutwa na virusi hajahukumiwa kufa. Akimeza dawa kila siku, virusi vinapungua mpaka kipimo hakivione tena, na hapo hamuambukize mwenzake kwa ngono.

Tunaomba wakubwa wa afya: vipimo na dawa visikosekane, na kijana asiombwe hata franga moja.

Na sisi, juma hili, twende wawili wawili. Tusingoje patron atutume. Maisha ni yetu, tuyajue wenyewe.