Nuru Mbili Ndani ya Nukta Moja

Jioni za Julai na Agosti, mikorosho inapochanua, simama ukingoni mwa uwanda wa Makonde pale Newala utazame kusini. Chini yako liko bonde la Ruvuma, na ng'ambo Msumbiji. Juu, kama nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, katika kundi la Telescopium, ipo nyota hafifu iitwayo HR 6819. Ukiwa mbali na taa za mji utaiona bila darubini. Ni nukta moja machoni, kumbe ni nyota mbili.

Mwaka 2020 timu ya mwanaastronomia Thomas Rivinius ilitangaza kwamba humo mna shimo jeusi, umbali wa miaka ya nuru 1,000 hivi, lililo karibu nasi kuliko yote yaliyojulikana wakati huo. Nyota moja ilikuwa ikiyumba kwa kilomita 60 hivi kwa sekunde, ikizunguka kila baada ya siku 40, na ya pili ilidhaniwa imetulia. Basi nani anaivuta ile ya kwanza, kama si shimo jeusi lisiloonekana?

Mwaka huohuo Julia Bodensteiner na wenzake waliuchambua upya mwanga wa mfumo huo. Mwanga wa nyota ukitandazwa rangi kwa rangi, yaani ukiwa spektra, huwa na mistari. Nyota ikitujia, mistari husogea upande wa buluu. Ikituacha, upande wa nyekundu. Nyota zikiwa mbili, mistari yao hulaliana, hata usijue upi ni wa nani. Ukikusanya spektra za siku nyingi, hesabu hutafuta mianga miwili ambayo, kila mmoja ukisogezwa kwa mwendo wake na kujumlishwa na mwenzake, inazaa kila spektra iliyopigwa. Njia hiyo iliwekwa wazi na Simon na Sturm mwaka 1994, kisha Petr Hadrava mwaka 1995.

Mianga ilipotenganishwa, nyota "iliyotulia" ilikutwa inayumba kwa kilomita 4 hivi kwa sekunde, kinyume na mwenzake. Zilikuwa zinavutana zenyewe. Mwaka 2022 timu zote mbili ziliungana chini ya Abigail Frost, zikapima kwa darubini za Chile: nyota mbili zilizokaribiana, shimo jeusi hakuna. Kuungana huko nakuheshimu kuliko ugunduzi wenyewe.

Spektra zilizotumika zilipigwa La Silla, Chile, mwaka 2004, na zimo katika hazina ya ESO, shirika la Ulaya la astronomia, iliyo wazi kwa yeyote. Kwa hiyo sikubali kwamba elimu hii ni ya wenye darubini kubwa tu. Mzizi wake ni milinganyo ya x na y ya sekondari, ila kwa maelfu. Walimu wa fizikia na hisabati wa Masasi na Newala, kaeni pamoja, mzipakue spektra hizo, muwape wanafunzi wenu wazitenganishe.