Hukuibiwa, Hukuandika

Nchini Kenya ipo hadithi isiyozeeka: M-Pesa ilibuniwa na mwanafunzi wa chuo kikuu, wakubwa wakaiba wazo lake, naye akaachwa mikono mitupu. Husimuliwa kwenye matatu, darasani na mtandaoni, kila mara bila ushahidi. Naichukia hadithi hii, na si kwa sababu wakubwa hawaibi. Naichukia kwa sababu inawafundisha vijana wenye kampuni chipukizi kulinda kisicholindika, yaani wazo, na kukiacha kinacholindika kikilala nje.

Tutazame ilivyokuwa. Majaribio ya M-Pesa yalianza mwaka 2005 kwa wakopaji wachache wa Nairobi na Thika, na lengo lilikuwa kulipa mikopo midogo kwa simu. Wakopaji wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Huduma ikafuata tabia yao, ikazinduliwa Machi 2007 kama njia ya kutuma pesa. Serikali ya Uingereza ilichangia fedha za mradi. Programu yenyewe waliiandika wahandisi wa Sagentia, kampuni ya Cambridge iliyopewa kazi hiyo na Vodafone.

Sasa niambie, ilikuwa ya nani? Wakenya walionyesha njia, walipakodi wa Uingereza wakachangia, wahandisi wa Cambridge wakatoa jasho. Mmiliki akawa Vodafone. Safaricom, tunayoitaja kwa fahari, ikawa inailipa Vodafone kwa kutumia mfumo huo, na hadi mwaka 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Mwaka 2020 ndipo Safaricom na Vodacom zilipoinunua chapa ya M-Pesa na kazi ya kuuendeleza mfumo. Humo simwoni mwizi. Naona karatasi. Vodafone nayo ilitafuta watu wa nje waiandikie programu, lakini haki zilibaki kwake.

Leo kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anaagiza programu kutoka Bengaluru, na la kwanza analofanya ni kumsainisha mhandisi mkataba wa usiri. Mkataba huo una kazi yake: kulinda siri za biashara na taarifa za wateja. Ila hauhamishi umiliki wa hata mstari mmoja wa programu. Hakimiliki hailindi wazo, inalinda namna lilivyoandikwa. Na aliyeandika kwa kawaida ndiye mmiliki wa kwanza, mpaka sheria au mkataba useme vingine.

“Lakini nimelipa!” Sheria ya Kenya itakuhurumia: kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo. Uingereza, hakimiliki hubaki kwa mkandarasi hadi atie saini hati ya kuihamisha. India ina mtego wake. Sheria yao ya Hakimiliki ya mwaka 1957 inasema hati isipotaja muda, uhamisho ni wa miaka 5. Isipotaja eneo, ni ndani ya India tu. Yaani unaweza kulipa, ukasainiwa hati, kisha mwaka wa 6 ukajikuta mgeni katika programu yako mwenyewe.

Wapo watakaosema mikataba ni anasa ya wenye mawakili. Si kweli. Yanayohitajika yanaenea katika ukurasa mmoja: haki zote, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki, zinahamia kwetu malipo yakikamilika, na mkandarasi apate saini za wote aliowagawia kazi, na programu huria zilizotumika ziorodheshwe, na itajwe sheria ya nchi itakayoamua mgogoro. Kisha fungua kwa jina lako, tangu siku ya kwanza, akaunti za seva, za jina la tovuti na za mahali programu inapohifadhiwa. Kesi ya nchi za mbali huchukua miaka. Nywila ni ya leo.

Nimesema malipo yakikamilika, na nakusudia hivyo. Wengi wanaolia kuibiwa na mkandarasi ni haohao wanaomzungusha kuhusu hela zake. Na kumbuka kwamba vijana wengi wa Nairobi, Kigali na Kampala ndio wakandarasi wenyewe, wakiandikia kampuni za Ulaya na Marekani. Kipengele kinachokulinda ukiagiza ndicho kinachokuvua kila kitu ukiagizwa. Kisome ukiwa upande wowote wa meza, na ukidai bei inayolingana na unachokitoa.

Hadithi ya mwanafunzi aliyeibiwa ni tamu kwa sababu haimdai msikilizaji chochote ila hasira. Waliotutangulia, watu wa biashara, walituachia neno kavu zaidi: mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema huibiwa. Walisema hupotea.