Kama huwezi kununua tairi, hujaweza kununua hiyo nduthi

Karibu kila wiki kuna kijana ananitumia picha ya nduthi ya kuuzwa. R6, CBR, GSX-R, Ninja. Inang'aa, imepigwa picha jua likitua, na chini yake swali ni lilelile: "Boss, niko na laki nne na nusu, nibebe?"

Jibu langu limekuwa moja. Kama hiyo laki nne na nusu ndiyo pesa yako yote, usibebe.

Najua vile hilo linauma. Nilikuwa na miaka 23 nilipobeba Honda CBR600RR ya 2008. Nilikuwa nimeweka akiba karibu miaka mitatu, nikauza hadi kamera. Siku nilipolipa nilibakiwa na pesa ya kujaza tangi na chai. Helmeti niliazima kwa rafiki. Jaketi? Ile ya jinzi. Lakini roho ilikuwa juu, wasee. Injini ya silinda nne ikipita mizunguko elfu nane hulia sauti ambayo siwezi kuieleza kwa maandishi.

Muuzaji aliniambia tairi ni poa, "bado ziko na meno." Na kweli zilikuwa nazo. Kile ambacho sikujua ni kwamba meno hayasemi umri. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yangu ya nyuma ilisoma 1411. Wiki ya 14, mwaka wa 2011. Mimi nilikuwa nikiiendesha zaidi ya miaka kumi baadaye. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha shule, na barabara ikiwa na maji haushiki kitu.

Niliyajua hayo yote baada ya kuanguka. Ilikuwa asubuhi, tukishuka Mai Mahiu, ukungu umetanda na lami imelowa. Sikuwa mbio, kama 50 hivi. Kwa kona tairi ya nyuma ikaenda zake, nami nikateleza hadi upande wa pili wa barabara. Mnajua ile barabara na malori yake. Hiyo dakika hapakuwa na lori. Si ujuzi, ni bahati tu. Nilivunjika mfupa wa bega, na goti likachunika kwa sababu jinzi si gia ya kuvaa, ni nguo.

Mama alifika hospitalini na ile lesso yake ya nyumbani, hata hakuwa amebadilisha. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hicho kitu ulinunua pesa ngapi?" Nikamwambia. Akauliza, "Na tairi ni ngapi?" Nikasema mbili nzuri ni kama elfu sitini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo hukuwa na pesa ya kununua pikipiki."

Sijawahi kupata jibu la hilo.

Ukweli ni kwamba bei unayoambiwa ni ya kuingilia mlangoni. Tairi, cheni na sprokopi zake, pedi za breki, oili nzuri, bima, helmeti ya kweli, glavu, buti na jaketi yenye kinga mabegani: hizo zote ni sehemu ya nduthi. Na spea za 600 si kama za boda. Za Boxer unazipata hadi kwa kibanda cha stejini. Hizi unaweza kungoja wiki kadhaa zitoke ng'ambo, na fundi anayezielewa ni wa kutafutwa.

Halafu kuna jambo la nguvu. Boxer 150 ina nguvu za farasi kama 12. CBR600RR inapita 100, na gia ya kwanza pekee inakufikisha zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Leseni niliyofanyia mtihani kwa nduthi ndogo ndiyo ileile iliyoniruhusu kupanda hii. Uingereza, kijana wa miaka 19 anapewa leseni ya nduthi isiyozidi kilowati 35, kisha baada ya miaka miwili ndipo afanye mtihani wa kubwa. Akitaka kuruka hiyo hatua, angoje hadi 24. Mimi hakuna aliyenizuia hapo katikati, na wewe pia usitarajie kuzuiwa. Breki ni akili yako.

Nami pia niko na makosa. Video yangu iliyowahi kutazamwa zaidi ni ile ya saa ikisoma 180. Zile za kukagua cheni zinatazamwa na watu wachache mno. Ile ya 180 nimeitoa, kwa sababu kuna mtu wa miaka 19 aliyeitazama akaenda kutafuta mkopo.

Wengine watasema natisha watu, eti maisha ni mafupi, na boda wanaendesha bila gia kila siku. Boda anaendesha hivyo kwa sababu anatafuta unga. Wewe unatafuta raha. Raha ina uwezo wa kungoja.

Sisemi usinunue. Ya kwangu niliitengeneza na bado ninayo. Nasema ugawanye pesa. Ukiwa na laki nne na nusu, tafuta nduthi ya laki tatu, hata kama ni ya 300. Hiyo ingine ni ya tairi, breki, gia na fundi. Ukienda kuiona, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, uisikie ikiamka baridi. Linganisha namba ya chesisi na ya logbuku. Angalia ncha za mkono wa usukani na pegi za miguu kama zimekwaruzwa. Plastiki mpya kwa nduthi ya zamani mara nyingi inaficha kuanguka. Pitisha kidole kwa shoka za mbele, kikitoka na oili, sili zimeisha.

Na kama tayari unayo, leo jioni toka nje na tochi, usome zile namba nne. Kisha uniambie umepata mwaka gani.