Kamaru Arudi na Maelezo Yake

Mzee Joseph Kamaru alituacha 2018, lakini ngoma zake bado zinabamba kwenye matatu za Thika na Ruiru. Mjukuu wake KMRU, msanii wa muziki wa elektroniki, amekuwa akizitoa upya mtandaoni. Hapo safi sana.

Maombi yetu ni mawili. Kwanza, sauti isafishwe bila kuua mkwaruzo wote wa santuri. Gitaa lisije likasikika kama limerekodiwa jana. Pili, picha kali ya kava haitoshi. Tuandikieni nani alipiga besi, mwaka gani, na maneno ya Kikuyu yana maana gani, maana wengi wetu tumelelewa na Sheng. Na maelezo hayo yasifungiwe ndani ya santuri za bei ya Ulaya; tuyapate hata kwa simu. Wimbo usioeleweka ni kelele tamu tu.